Bunduki ya Mchopa na Mafuta ya Ufuta

Kutu hukaa pasipofika kidole.

Mliyasikia maneno hayo jana kwenye kikao cha kuwasuluhisha Tamimu na mkewe, nami nikawaona mkitazamana. Tamimu alikuwa ametaja kila alichomnunulia mkewe, toka kitanda hadi kijiko, na alipomaliza, yule mzee wa upande wa mke akajikohoza, akasema maneno hayo machache tu. Sasa mnaniuliza kutu na kidole vinaingiaje katika ndoa ya watu. Haya, kaeni, ila msinikatize. Maneno hayo yana wenyewe, na yalizaliwa namna hii.

Upande wa Liwale, katika kijiji cha Nambunju, aliishi askari wa wanyamapori aliyeitwa Mchopa. Watu walimwita Bwana Nyama, maana kazi yake ilikuwa kuwazuia nyama wa porini wasimalize mashamba, na wasimalize watu. Kwa kazi hiyo alipewa bunduki moja ya komeo. Pengine bunduki ya aina hiyo hamjaiona. Haimwagi risasi ovyo. Ina komeo la chuma lenye mkono. Ukiuinua mkono huo na kuuvuta nyuma, ganda la risasi linaruka nje. Ukiusukuma mbele na kuulaza, risasi nyingine inaingia na mlango unafungwa. Ndani ya komeo, mahali pasipoonekana, mna springi na pini. Ukivuta kifyatulio, springi inaisukuma pini, pini inaigonga risasi kisogoni, na hapo ndipo mlio unapotoka.

Kila Ijumaa, akishatoka msikitini na kula, Mchopa alitandika jamvi barazani, akailaza bunduki mapajani na kuanza kuisafisha. Alipitisha kamba yenye kitambaa ndani ya mtutu, akafuta mbao za kitako, akasugua chuma kwa subira ya mama anayemwogesha mtoto. Mafuta ya bunduki yalikuwa yamekwisha zamani, na yale aliyoahidiwa hayakufika, basi yeye alitumia mafuta ya ufuta aliyokamua mkewe. Kule ufuta ndio chakula na ndio nguo, na Mchopa aliusifu kwa kila apitaye njia.

"Ufuta hauna mshindani," alikuwa akisema. "Unang'arisha ngozi, unang'arisha chuma, unang'arisha hata wali."

Na kweli bunduki iling'aa. Watu wa Nambunju walikuwa wakisema kwamba kuku wa Mchopa hujitazama humo kabla ya kwenda kutaga.

Ila komeo hakulifungua hata siku moja. Zamani, alipokuwa mafunzoni, alimwona mwenzake akilifungua vibaya, springi ikaruka ikapotelea majanini, na yule mwenzake akarudishwa kwao hana bunduki wala kazi. Tangu hapo Mchopa alijiwekea sheria: cha ndani kikae ndani. Komeo likiwa zito, alitia tone la mafuta ya ufuta kwenye upenyo, akalichezesha mbele na nyuma, akaridhika. Likizidi kuwa zito, aliongeza tone.

Mkewe, mama wa mwanawe Shaweji, aliitwa Somoe binti Ndembo, mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu na ulimi usiolala. Bunduki ile aliiita mke mwenzangu. Siku za Ijumaa alipita barazani na ndoo kichwani, akasimama makusudi ili wapita njia wasikie.

"Jamani, mwenzangu ameshaoga? Mimi Baba Shaweji hajanipaka mafuta hata kisigino, mwenzangu anapakwa mpaka tumboni!"

Watu walicheka, Mchopa akajifanya amekasirika. Lakini niwaambie ukweli, ile ndiyo saa aliyokuwa akiingojea wiki nzima. Alimpenda mkewe kupita kiasi, na kama wanaume wengi wa kwetu, alidhani hilo halihitaji kusemwa.

Kisha mama yake Somoe akafariki, huko kijijini kwao, Ruhimba. Msiba ulitokea wakati mbaya. Simba alikuwa amezoea kula watu kando ya mto, na Mchopa alikuwa porini akimfuata. Mjumbe wa msiba alimkuta ameinama juu ya nyayo mbichi. Mchopa alizitazama nyayo, akamtazama mjumbe, akawaza: nikienda kuzika mmoja, kesho tutazika wengine. Akamfuata simba. Akamuua pia, na vijiji vikalala usingizi.

Lakini kwa watu wale, jeneza la mkwe lina nafasi ya mkwe. Mume wa binti hushika mbele, upande wa kulia, toka mlangoni mpaka makaburini, na asipoonekana, binti ndiye anayetazamwa. Siku ile nafasi ya Mchopa ilikuwa wazi. Hakuna aliyemlaumu, maana sababu yake kila mtu aliijua, na nadhani ndiyo maana jambo lenyewe halikusemwa na mtu yeyote.

Siku ya arobaini ya msiba alifika. Alileta mbuzi, alileta mchele, alimletea mkewe doti mpya ya kanga. Akasoma hitima na wanaume barazani, kisha akarudi Nambunju kabla jua halijatua kwa kuwa tembo walikuwa shambani. Kaburini hakufika. Somoe aliporudi nyumbani, Mchopa alimuuliza, "Mama Shaweji, umeridhika?" Somoe akajibu, "Yamekwisha." Mchopa akaliamini neno hilo haraka sana, kwa sababu ndilo alilotaka kulisikia.

Tangu siku ile Somoe alipika, alichota maji, alimwamkia mumewe na kumwitikia. Hakuna jirani ambaye angesema kuna kasoro. Ila siku za Ijumaa alipita barazani na ndoo yake, asimwulize mtu kama mwenzake ameoga. Mchopa aliona. Angekuwa mwongo kusema hakuona. Alikaa na bunduki mapajani akitamani kuchokozwa, na mara nyingi alifungua kinywa kuuliza, akakifunga. Alihisi kuna kitu kimekazwa ndani ya mke wake, na kikiachiwa hakujua kitaangukia wapi. Basi akaenda mnadani akamnunulia kanga nyingine.

Alhamisi moja asubuhi watoto walikuja mbio wakisema nyati yuko kisimani, na wanawake hawathubutu kuteremka. Mchopa akachukua bunduki akaenda, nusu ya kijiji nyuma yake. Nyati alikuwa amesimama kando ya maji, dume zee lililofukuzwa na wenzake. Mchopa akasogea, akalenga vizuri, akavuta kifyatulio.

Tak.

Akakokota komeo, risasi ile ikaruka chini, nyingine ikaingia. Akavuta tena.

Tak.

Nyati akainua kichwa. Yaliyofuata Mchopa hakupenda kuyasimulia, lakini waliomfuata waliyasimulia badala yake: namna Bwana Nyama alivyoupanda mgunga, miiba na yote, kwa kasi ambayo ngedere angeionea wivu. Nyati alinusa kofia iliyoanguka, akaona haina ladha, akaondoka zake. Mchopa akashuka na suruali iliyochanika. Akaziokota risasi zile zilizokataa kulia. Kila moja ilikuwa na kialama kidogo kisogoni, kana kwamba imeguswa na ukucha tu.

Sasa, watu wa Nambunju walikuwa na dasturi yao. Bunduki ya mwindaji ikigoma, hawaitazami bunduki. Wanaitazama nyumba. Walisema mwindaji akilala na mwanamke mwenye kinyongo, chuma hufungwa. Dawa yake, mke aletewe kibuyu cha maji mbele ya watu, ayajaze kinywani, ayateme mbele ya bunduki na kusema, "Kinyongo nimekitema." Na mwanamke aliyetemeshwa maji hakusahauliwa. Watoto walimnyooshea kidole njiani: yule pale, alitaka kumuua mumewe.

Mchana ule Mzee Kungulio, mkubwa wa wazee, akaja barazani kwa Mchopa na mkongojo wake.

"Mwanangu, chuma hakikatai bure," alisema. "Kesho baada ya swala tutakuja na kibuyu. Mkeo ateme maji, mambo yaishe."

Mchopa aliinamisha kichwa. "Nimesikia, mzee," alijibu.

Somoe alikuwa nyuma ya mlango, mikono ina unga. Yeye pia alisikia, na hasa alilisikia lile jibu la mumewe. Akanawa mikono, akaingia jikoni, akatoka na kinu alichorithi kwa mama yake. Akaketi uani akaanza kukifunga kamba.

"Naenda kwa kaka Ruhimba," alisema bila kumtazama. "Ufuta umekomaa, nikamsaidie kuvuna. Kesho naondoka. Maji watatema wenyewe."

Mwanamke anayekwenda kuvuna hachukui kinu. Mchopa alilijua hilo. Hii haikuwa safari ya kuvuna, na Somoe akivuka mto na kinu kile kichwani, hatarudi. Tena ataondoka na jina la mwanamke aliyeifunga bunduki, na jina hilo atakuwa amelipewa na mumewe kwa maneno mawili, nimesikia, mzee.

Mchopa alisimama pale hajui aishike kamba au aushike mkono. Mwishowe alifanya kitu pekee alichokijua. Alitandika jamvi uani, jua la alasiri likiwa bado kali, akatoa risasi zote, akalaza bunduki mbele yake na kulichomoa komeo. Kama kosa lipo kwenye chuma, aliwaza, basi na lionekane kwenye chuma. Akaanza kulifungua, akaikumbuka springi ya mwenzake iliyopotelea majanini.

"Mama Shaweji," aliita. "Nisaidie kushika. Hii ikiruka, nimekwisha."

Somoe akaiweka kamba chini, akaja, akapiga magoti upande wa pili wa jamvi. Alifunika komeo kwa kanga yake ili kisiruke kitu, akakandamiza kwa kidole gumba, Mchopa akazungusha pole pole. Likafunguka. Springi haikuruka popote. Haikuwa na uwezo huo: ilitoka nyeusi, imegandamana na pini yake kama vitu viwili vilivyochovywa kwenye gundi.

Somoe aliigusa, akanusa kidole chake, akakunja uso.

"Huu si uchafu, Baba Shaweji. Huu ni ufuta."

"Ufuta?"

"Mafuta ya ufuta yakikaa sana huwa ulimbo. Mtungi nikiuacha bila kuuosha, naweza kunasia ndege. Umekuwa ukimtilia mwenzangu ulimbo tumboni mwaka baada ya mwaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Mchopa alikwangua ule ulimbo kwa ukucha, na chini yake akaona wekundu. Kutu ilikuwa imekula pini, imekula springi. Akainua bunduki, akachungulia kule nyuma ya mtutu, kwenye vijishimo ambamo masikio ya komeo, yaani vichomozo vyake vya mbele, hujifungia. Alijaribu kuingiza kidole, kikakwama. Somoe akaichukua, akaingiza kidole chake kidogo, kikafika ukingoni tu, kikatoka na rangi ya damu iliyokauka. Basi akaenda akamkamata jogoo, akamchomoa unyoya mrefu, jogoo akapiga kelele za kuonewa. Somoe akauchovya unyoya kwenye mafuta ya taa, akauingiza vijishimoni na kuuzungusha, Mchopa akimshikia bunduki ielekee jua. Pale ambapo unyoya ulishindwa walichonga kijiti cha ufito, wakakizungushia kipande cha kanga kuukuu. Pini na springi wakaziloweka kwenye mafuta ya taa na kuzisugua mpaka chuma chenyewe kikaonekana.

"Tazama," alisema Somoe, akifuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Huku nje mtu anaweza kunyolea ndevu. Kutu imekaa pasipofika kidole."

Aliyasema hayo juu ya bunduki tu. Lakini Mchopa aliyasikia yakiingia mahali pengine kabisa, akaweka kitambaa chini.

"Somoe."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Shaweji azaliwe.

"Abee."

"Siku ile aliyozikwa mama. Ilikuwaje?"

Unyoya ukasimama. Somoe alitazama chini muda mrefu, na Mchopa, aliyewahi kumngojea simba, aliona kungojea kule ni kugumu kuliko kwa simba.

"Imamu aliuliza, mkwe wa marehemu yuko wapi," Somoe alianza. "Aliuliza mara ya pili. Mimi nilikuwa dirishani na wanawake, wote wakanitazama. Basi akapita mchuuzi wa ng'onda, samaki wale wakavu, ametoka pwani, na tenga lake begani. Akaona jeneza limepungukiwa mtu. Akatua tenga njiani, akaja akashika mahali pako. Hakuwa akimjua mama. Hakuwa akimjua hata mmoja wetu. Akashika mpaka makaburini, akarudi, akabeba tenga lake akaenda. Sikumshukuru. Hata jina lake silijui."

Kisha akasema, "Mama yangu alikwenda kaburini akinukia ng'onda, Baba Shaweji." Na kooni mwake kikatoka kitu kilichoanza kama kicheko na kikaishia kuwa kilio.

Mchopa alilia naye. Hakujificha.

"Mjumbe alinikuta," alisema. "Ningeweza kuja. Nikamchagua simba."

"Najua. Na ungemwacha simba akala mtoto wa mtu, ningekulaumu zaidi. Sikutaka umwache simba. Nilitaka ukirudi uniulize. Wewe ukaleta mbuzi."

"Nikaleta mbuzi," Mchopa alikubali.

"Alikuwa mnene, Mungu ambariki. Lakini mbuzi hakuniuliza kitu."

"Niliogopa, Somoe. Niliogopa kwamba ukianza kusema, utaondoka."

"Na nisiposema je?" Somoe alikinyooshea kidole kile kinu kilichofungwa kamba. "Si hivi naondoka?"

Mchopa akaushika ule mkono, na masizi yake na kutu yake, akauweka shavuni. Somoe hakuuondoa.

"Wazee wale hawakukosea sana," alisema mwishoni, akipenga kamasi kwa upindo wa kanga. "Kinyongo ninacho. Ila bunduki haikuwa na habari nacho."

Siku ya pili baada ya swala, wazee walikuja na kibuyu, na nyuma yao watu wengi, maana fedheha ya mtu huwa haikosi watazamaji. Mchopa aliwangoja barazani. Mbele yake alikuwa ametandaza vitambaa vyote vya jana, vyeusi kwa ulimbo na vyekundu kwa kutu. Aliwaacha wavitazame. Akaweka risasi moja, akakokota komeo, likateleza kama halina uzito, akalenga kichuguu cha nyuma ya nyumba, na bunduki ikalia mpaka njiwa wa kijiji kizima wakaruka.

Kisha akakitwaa kile kibuyu mkononi mwa Mzee Kungulio. Akajaza maji kinywani mwake mwenyewe, akayatema mbele ya bunduki.

"Kutu ni ya mikono yangu," alisema. "Na kinyongo cha mke wangu nilikipanda mimi, kwa kutouliza. Asitajwe tena kwa jambo hili."

Watu walishikwa na bumbuazi. Hapakuwa na mwanamume aliyewahi kuyatema maji yale.

"Lakini, mwanangu," Mzee Kungulio alisema, macho kwenye vile vitambaa, "kila Ijumaa sisi tunapita hapa tunakuona unaisafisha. Bunduki inang'aa! Kutu imetoka wapi?"

Somoe alijibu kutoka mlangoni, mkono kiunoni.

"Kutu hukaa pasipofika kidole, mzee wangu."

Wanawake wakapiga vigelegele, wakayabeba maneno hayo mpaka kisimani, na kisimani hapajui kutunza siri. Kabla mavuno hayajaisha, watu wa vijiji vya mbali walikuwa wakiyasema bila kujua ni nani aliyeanza.

Jumamosi Mchopa alifuatana na mkewe kwenda Ruhimba. Hakuchukua mbuzi, hakuchukua mchele wala kanga. Walipitiliza nyumba ya kaka bila kuingia, wakaenda moja kwa moja makaburini, na Somoe akamwonyesha kaburi, kwa kuwa Mchopa hakulijua lilipo. Majani yalikuwa yameota juu yake. Mchopa akapiga magoti akayang'oa kwa mikono, akasoma dua, sauti ikamkatika katikati, akaanza upya. Somoe alisimama nyuma yake. Alipomaliza, Somoe aliinama karibu na kichwa cha kaburi, akasema kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mgeni:

"Mama, mkweo huyu. Amechelewa, lakini amefika."

Ndiyo hayo. Yule mzee jana hakukidharau kitanda cha Tamimu, wala vijiko vyake. Vitu vizuri vile, nani avidharau? Ila katika yote aliyoyataja Tamimu, na alitaja mengi, je, mlisikia hata mara moja akisema, nilimuuliza mke wangu? Basi mmeelewa. Kutu hukaa pasipofika kidole.